Kibodi Yenye Taa na Barua ya Kitinda

3 Machi

Binti yangu ndiye mwenye steshenari hii, ndiyo maana namwita Bosi. Leo kaniletea kibodi mpya. Si kibodi ya kazi, ni ya kuchezea magemu. Mimi mtu wa miaka sabini na moja, mwenye meno kumi na tisa, nimepewa kibodi ya watu wanaopigana risasi ndani ya kompyuta. Chini ya kila herufi kuna taa: nyekundu, kijani, zambarau, buluu, zinakimbizana kutoka kushoto kwenda kulia kama gari la maharusi. Nimeipa jina Bi Harusi.

Bosi akasema, "Baba, ina garantii ya miezi mitatu. Uwe unaandika uzuri wake na ubaya wake. Ikiwa mbovu nairudisha dukani."

"Na garantii yangu mimi iliisha lini?"

"Yako, Mama alipoteza risiti."

Huyu mtoto ulimi karithi kwangu. Basi naandika. Faili nimeipa jina "Orodha ya bahasha", maana hakuna binadamu anayefungua faili yenye jina hilo.

Uzuri wa leo: herufi zinaonekana.

4 Machi

Ubaya: kelele. Kila kitufe kinalia kama kuku anayedonoa bati. Kinyozi, jirani yetu, tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Akapiga kelele toka kwake: "Mzee, unakaanga bisi?" Nikamwambia namkaangia mama yake mkwe.

6 Machi

Nilisema herufi zinaonekana. Ngoja nieleze, kwa kuwa hapa nipo peke yangu na duka bado halijafunguliwa.

Sioni vizuri. Mwaka wa pili huu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, la kushoto daktari kasema ni presha, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Naona rangi. Naona mtu ni mtu na mlango ni mlango. Herufi ndogo naziona kama sisimizi walioshikwa na mvua. Sijamwambia Bosi. Sijamwambia mtu.

Kazi yangu ni kuandikia watu barua. Miaka arobaini na minne, kwanza kwa taipureta, sasa kwa kompyuta. Watu husema, mzee yule anapiga bila kutazama. Uongo mtupu. Shule niliishia darasa la tano, kupiga chapa nilijifunzia dirishani kwa kumchungulia karani wa posta, na mpaka leo natumia vidole viwili na macho yote. Kibodi ya zamani ilikuwa nyeusi, herufi zimefutika. Nilikuwa naandika kwa kumbukumbu na bahati. Mwezi wa kwanza nilimwandikia mwalimu mmoja barua ya ruhusa ya mazishi, mama mkwe wake akafa mara mbili katika aya moja. Akapewa ruhusa wiki mbili. Hakulalamika.

Sasa Bi Harusi anamulika kila herufi kutoka chini, nami naona. Huo ndio uzuri.

Kioo cha kompyuta ndicho kigumu. Nikiwa peke yangu hivi asubuhi naikuza kila herufi mpaka inakuwa kama boga. Mteja akija naipunguza haraka. Mwandishi wa barua anayehitaji herufi kama maboga ni sawa na kinyozi anayekushika sikio kwanza ili ajue kichwa kiko wapi.

Kusoma je? Hapa ndipo penye ujanja. Desturi yangu, na nimewafundisha waandishi wote wa mtaa huu, ni kwamba barua ikishaandikwa lazima mwenyewe asomewe yote kabla hajatia sahihi au kidole gumba. Naidumisha desturi. Nashika karatasi, nakohoa, nasoma. Ila nasomea kichwani. Ulichoniambia nakurudishia kilekile kikiwa kimeoga na kuvaa shati. Hakuna aliyewahi kunikamata.

9 Machi

Mvua imeanza. Wateja wawili, mmoja alikuja kujikinga tu.

12 Machi

Soko la zamani linabomolewa. Jengo jipya limekamilika huko mbele, na kila mwenye kibanda lazima aandike: ama anaomba nafasi katika jengo jipya, ama anaachia. Wengi wanaachia, wamechoka. Leo nimeandika barua kumi na saba za kuachia, zote zinaishia kwa maneno yaleyale ambayo ofisi ya soko inayataka.

Bosi akanionyesha jambo. Ubavuni mwa Bi Harusi kuna vitufe vitano visivyo na herufi. Unakikaririsha kitufe sentensi nzima, kisha ukikigusa mara moja tu, sentensi yote inajimwaga kwenye karatasi. Akanikaririshia viwili. Kimoja akakiwashia taa nyekundu:

"Nimeridhika na utaratibu huu, na sina dai lolote tena juu ya kibanda hicho."

Cha pili akakiwashia buluu, kwa ajili ya wanaoomba:

"Natanguliza shukrani zangu za dhati, nikitumaini ombi langu litapokelewa kwa moyo wa huruma."

Nyekundu ya kuachia, buluu ya kuomba. Hata mbuzi angeweza. Uzuri mkubwa kuliko wote. Vidole vyangu vitafika nyumbani leo vikiwa na nguvu za kumfinya mjukuu.

15 Machi

Ubaya mpya. Mvua ikinyesha umeme hukatika, ukirudi Bi Harusi anakuwa amesahau rangi alizopangiwa. Anarudia ule wazimu wake wa harusi, taa zote zinakimbizana, nyekundu iko huku, mara iko kule. Bosi alikuja akapanga upya.

"Maneno hayapotei, Baba. Rangi tu. Cha pili kutoka juu ndicho chekundu, cha nne ndicho cha buluu. Hesabu."

"Nitahesabu majirani zako wanaokudharau kwa kumfokea baba yako."

"Baba, hesabu."

16 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Mara tatu nimemwita Bosi. Mara ya tatu alipumua kwa pua.

20 Machi

Amekuja mdogo wangu. Tumezaliwa sita, tumebaki wawili, mimi na yeye kitinda mimba, na mpaka leo namwita Kitinda ingawa ana wajukuu. Ni fundi cherehani. Miaka ishirini na miwili ameshona sare za shule katika kibanda cha sokoni, yeye upande huu na mumewe upande ule akiuza nyuzi na vifungo. Daftari la ofisi lina jina la mume peke yake. Mume amefariki mwezi wa kwanza. Sasa kaka wa marehemu, huyo tunamwita Koti kwa sababu koti halivui hata juani, ameandika barua kwamba kibanda ni mali ya ukoo wao na nafasi katika jengo jipya apewe yeye. Koti huyo hajawahi hata kutia uzi kwenye sindano.

"Kaka, niandikie nami," akasema. "Waambie jina langu liingie. Sina pengine pa kuweka cherehani. Nyumba yenyewe chumba kimoja, na nalala na wajukuu watatu."

"Nitakuandikia barua mpaka mwenyekiti wa kamati alie."

"Asilie. Aandike jina tu."

Kitinda hajui kusoma. Siku zile ilikuwa lazima aende shule mmoja, nikapelekwa mimi kwa kuwa ni mwanamume. Nikaishia darasa la tano kwa utoro. Hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Ningekuwa yeye ningesimanga kila Ijumaa.

23 Machi

Barua ya Kitinda imekwenda. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea, ofisi inafunga saa sita. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo, umeme umekatika tangu saa mbili ukarudi saa nne na nusu. Bosi alikwenda kuchukua karatasi kwa muuzaji wa jumla. Foleni ilifika hadi kwa Kinyozi.

Niliandika vizuri, najisifu. Miaka ishirini na miwili, sare za shule, wajukuu, mume aliyekuwa akihesabu vifungo mdomoni. Nikaweka tamati kwa kitufe. Nikamsomea. Alisikiliza kainamisha kichwa kama yuko kwenye dua. Nilipofika "moyo wa huruma" akajifuta jicho.

"Kaka," akasema, "sikujua kwamba nimesema maneno mazuri hivyo."

Akatia gumba, akaifunika barua kwa mfuko wa plastiki, akakimbia nayo mvuani. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, anakimbia!

24 Machi

Mvua.

27 Machi

Uzuri: kitufe cha nafasi kikubwa, hakikosi. Ubaya: makombo ya mkate yanaingia kati ya vitufe, na sisimizi wa kweli wamekuja kuyatafuta. Nimeua mmoja nikamtumia mtu herufi "w" kumi na moja.

2 Aprili

Leo nitaandika mpaka mwisho.

Kamati ya soko ilikaa katika ukumbi wa jengo jipya. Jengo halijapata dari, mvua inapiga bati mpaka Karani wa soko anasoma kwa kupayuka. Nilikwenda kwa mbwembwe, nimevaa viatu vya ngozi, nikijua mwandishi wa barua iliyoshinda ni nani. Kinyozi alifunga duka akanisindikiza. Nusu ya ukumbi ni watu niliowaandikia.

Karani akasoma barua ya Koti. Fupi, kavu, kama mwenyewe. Kisha akasoma ya Kitinda. Nilikuwa nikimsukuma Kinyozi kiwiko kila alipofika patamu. Miaka ishirini na miwili. Vifungo mdomoni. Watu wakaguna kwa huruma. Naomba jina langu liingizwe. Nikangoja shukrani za dhati.

Karani akapayuka: "Nimeridhika na utaratibu huu, na sina dai lolote tena juu ya kibanda hicho."

Niliifahamu ile sentensi kama mtu anavyofahamu kikohozi chake. Nilikwisha kuimwaga mara hamsini mwezi ule. Mara moja nikaona mbele yangu Bi Harusi wa siku ile, rangi zote zinakimbizana baada ya umeme kurudi, na kidole changu kinangoja buluu ipite. Ilipita. Nikabonyeza ilipopita. Sikuhesabu. Nilikuwa na foleni, sikutaka watu wanione nahesabu vitufe kama mtoto wa chekechea.

Mwenyekiti akasema, "Mama, huku juu unaomba kibanda. Huku chini unasema huna dai nacho. Tushike lipi?"

"Sikusema hivyo," Kitinda akajibu.

"Kidole ni chako?"

"Changu."

"Ulisomewa kabla ya kutia?"

"Nilisomewa na kaka yangu. Hayo hayakuwemo."

Koti akacheka. "Labda maneno yaliingia yenyewe kujikinga mvua."

Ukumbi ukacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulianza kucheka kabla sijauzuia, maana mzaha ulikuwa mzuri.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mzee, wewe tunakufahamu, wewe ndiye uliyetufundisha habari ya kusomeana. Huyu mama ulimsomea yote?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi, mpana, hata kipofu angeuona. Ningesema: sikumsomea, sioni, nilikariri. Maneno matatu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na watu hamsini wenye barua zangu, na Kinyozi pembeni, na mimi nimevaa viatu vya ngozi.

"Yote," nikasema. "Neno kwa neno."

Kama nisingemsomea, kosa lingekuwa langu. Kwa kuwa nimemsomea, kosa likawa lake: ama alisikia akakubali, ama anadanganya kamati. Nililijua hilo likiwa bado linanitoka mdomoni.

Sikuuona uso wa Kitinda. Nyuso sizioni siku hizi. Niliona kitambaa chake cha kijani cha kichwani kikigeuka upande wangu, kikatulia pale, kisha kikageuka kurudi mbele.

Kibanda kapewa Koti.

3 Aprili

Ubaya wa Bi Harusi, kwa ajili ya garantii: anasahau. Rangi hazina msimamo. Vitufe vya ubavuni vinafanana kama mapacha waliolala. Sentensi inamwagika nzima kabla hujasema pole. Halii tofauti kati ya kuomba na kuachia, mlio ni mmoja. Anamfanya mzee ajione kijana. Nimchome moto.

5 Aprili

Kitinda amehamisha cherehani. Nimeambiwa tu. Kufuli ya Koti ni mpya, nyekundu, hiyo niliiona nikipita.

Mimi sikumsaidia kubeba. Hakuniita.

6 Aprili

Mvua. Sijaandika barua ya mtu. Nimesema naumwa mgongo.

11 Aprili

Nilikwenda kunyolewa. Kinyozi akanivisha shuka, akakaa kimya muda mrefu, na Kinyozi akikaa kimya ujue ama anaumwa ama anataka kusema kweli.

"Mzee, jicho gani lililo zima?"

"Unasemaje wewe?"

"Nauliza jicho. Mwaka jana mwezi wa kumi uliingia hapa ukaliamkia koti langu lililoning'inia ukutani. Ukaliuliza watoto hawajambo. Mimi nimekaa hapa kwenye kiti nakutazama."

"Na koti lilijibu nini?"

"Usifanye mzaha. Mtaa mzima unajua. Yule muuza magazeti anajua. Tuliona tusikuvunjie heshima."

Nywele zikawa zinaanguka. Nikauliza, "Na Bosi?"

"Kwani unadhani kibodi ya taa alikununulia ucheze gemu?"

Nilikaa pale na shuka shingoni. Watu wote walijua. Kila mmoja alinionea huruma yake ndogo, akaiweka mfukoni, akapita. Mtu mmoja tu hakujua, kwa kuwa anakaa mbali na mtaa huu na ananiamini: yule aliyeniletea kidole gumba.

12 Aprili

Nimemwambia Bosi, "Ulijua."

"Nilijua, Baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuja. Ungekaa nyumbani unagombana na redio."

"Basi ukaniacha niandikie watu."

Alianza kupanga bahasha, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Kisha akasema, "Nilikuwa nazisoma zote jioni, Baba, kwenye kompyuta, ukishaondoka. Ukikosea nilikuwa namfuata mtu kwake, nampa nyingine. Yule mwalimu wa mazishi pia nilimfuata, akakataa. Kila barua. Ya shangazi ilikwisha kufika ofisini kabla sijarudi na karatasi."

"Uliisoma lini?"

"Jioni ileile."

Nikahesabu. Kutoka tarehe ishirini na tatu mpaka kamati kukaa ni siku kumi. "Siku kumi ulikuwa unajua?"

"Nilikwenda ofisini kesho yake. Wakasema barua iliyopokelewa haibadilishwi mpaka mwandishi aje mwenyewe aseme amekosea. Nikarudi nikakutazama. Ulikuwa unamsimulia Kinyozi jinsi shangazi alivyolia kwa raha ulipomsomea. Nikashindwa."

Tulitazamana, kama kutazamana ndiko huko. Kumbe hata heshima inaweza kumwibia mtu. Nilitaka kumfokea nikakosa pa kusimama.

14 Aprili

Nimekwenda kwa Karani wa soko, peke yangu, kwa miguu, tope mpaka magotini. Nikamwambia nimekuja kusema nilikosea barua ya mdogo wangu, na sikumsomea.

"Wiki mbili zilizopita ulisema neno kwa neno. Mwenyekiti alikuuliza mbele ya watu."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa sioni."

Ilinitoka hivyo tu. Mtu anabeba jiwe miaka miwili, kumbe ni kokoto.

Karani ni mtu wa kazi, si mbaya. Akafungua droo akanipa karatasi. "Soma."

Nikaishika. Nikaisogeza, nikaiweka mbali. Mkono wangu wenyewe ulianza desturi yake, na koo likakohoa tayari kusoma. Nilikuwa na uwezo wa kubuni. Ofisi ya soko, lazima ni tangazo la usafi au la makufuli. Ningepatia nusu.

"Siwezi," nikasema.

"Hiyo ni karatasi tupu, mzee."

Akaandika maelezo yangu kwa mkono. Akanisomea, taratibu, kila neno, kwa namna niliyowafundisha wote. Nikatia sahihi mahali alipoweka kidole. Akasema yatapelekwa kwa kamati, ila Koti ameshaingizwa katika daftari la jengo jipya, na kumtoa mtu katika daftari si kama kumwingiza. Akasema pia, tangu leo barua yenye mkono wangu isipokuwa na msomaji wa pili haipokelewi.

"Kwa haki kabisa," nikamwambia. Nikajigonga kwenye fremu ya mlango wakati wa kutoka. Hilo lilikuwa la kweli, ila nadhani alidhani naigiza.

15 Aprili

Nimetuma mtu kwa Kitinda amwambie nimekwenda ofisini kusema kwamba sioni na sikumsomea. Hakutuma jibu.

22 Aprili

Ofisi bado.

30 Aprili

Ofisi bado. Koti ameweka ndani ya kibanda kipya magunia ya saruji. Hashoni, hauzi. Anakaa mlangoni na koti lake.

4 Mei

Wiki ya pili ninaandika tena, Bosi kakaa pembeni anasoma. Herufi ni maboga mbele ya kila mteja. Bibi mmoja akauliza, "Mbona makubwa hivi?" Nikamjibu, "Yako ni madogo kwani?" Akanipiga na mwavuli. Nilikuwa sijacheka mwezi mzima. Nikacheka nikajisikia vibaya.

Uzuri, lazima niseme haki: Bi Harusi hakudanganya mtu. Alibonyezwa akatoa alichokaririshwa. Sisi wawili, mmoja alikuwa na taa.

13 Mei

Mvua inapungua. Nimekwenda kwa Kitinda. Cherehani iko kati ya kitanda na mlango, ukitaka kuingia unaruka mguu wake. Alikuwa anashona, hakusimamisha. Mjukuu mmoja alilala chini ya meza kwenye vitambaa. Nikasimama mlangoni kama mdai. Nikasema nilichokwenda kusema, kwamba sioni na nilimficha.

Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Mtu wako aliniambia," akasema.

Basi. Akaanza mshono mwingine. Nikangoja mpaka nikaelewa kwamba hapakuwa na zaidi.

26 Mei

Jibu limekuja. Karani alimpa Kitinda mwenyewe mkononi, naye akaja nalo hapa steshenari, mchana, wateja wawili wamekaa. Hakulileta kwangu. Alimpa Bosi.

"Nisomee, mwanangu."

Bosi akasoma. Kamati imepokea maelezo ya mwandishi. Kamati inasikitika. Kwa kuwa barua ilibeba kidole cha mwombaji, na kwa kuwa nafasi imekwisha kugawiwa, uamuzi wa awali unabaki. Mwombaji anaruhusiwa kuomba upya nafasi itakapopatikana.

"Soma tena," Kitinda akasema.

Bosi akasoma tena. Sauti ilikuwa imeanza kumkatika.

"Tena."

Mara ya tatu wale wateja wawili walisimama wakatoka nje, taratibu, bila kuambiwa. Barua haikubadilika.

Kitinda akaichukua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba wa nyuzi. Ndipo kitambaa cha kijani kikageuka upande wangu. Akavuta kiti, akaketi karibu kuliko alivyoketi tangu mumewe afe, nikasikia harufu ya mafuta ya cherehani mikononi mwake.

"Kaka, siku ile ulishika karatasi ukasoma mpaka nikalia. Ulikuwa unasoma nini?"

Nilitafuta mzaha. Maisha yangu yote sijawahi kuukosa. Nikaukosa.

"Nilikuwa nasoma uliyoniambia."

Akaufunga mkoba wa nyuzi.

"Basi ilikuwa barua nzuri," akasema, akasimama, akaenda zake kushona.